Divai ya Bibi Filomena

Mimi situmii pombe, sijawahi kuitumia, na sikutegemea kwamba katika umri huu wa miwani ningesimama na ushungi wangu katikati ya duka la vinywaji hapa Korogwe, nimeshika chupa ya mvinyo nikiitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Waliopita walinikodolea macho. Mmoja aliniita kwa jina, tena kwa sauti, makusudi kabisa: "Mama Salimu, shikamoo!" Niliitikia marahaba huku natamani ardhi ipasuke. Lakini Edna ndiye aliyeniomba nimsindikize, na Edna akifikia kuomba ujue njia nyingine zote zimemshinda.

Tumekuwa majirani Manundu mwaka wa kumi na tisa sasa. Mimi ni Mzigua wa Handeni niliyeolewa huku. Yeye babu yake alitoka Ubena akiwa kijana kuja kukata mkonge, akazeeka kambini, akazikwa kambini. Namtania kwamba ni mgeni wa miaka themanini, naye ananiita mwenyeji asiye na shamba. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mchapakazi, asiyecheka ovyo. Mumewe alifariki zamani, akamwachia binti mmoja, Ritha, na huyo Ritha amemlea kwa sufuria za chai na maharage, kwenye kibanda chake cha mama lishe karibu na stendi.

Kibandani kwake kuna mambo mawili ambayo kila mteja anayajua. La kwanza, hakupi kitu mpaka amekionja. Chai, mchuzi, uji, hata maji ya kunywa. Anachota kwa kijiko chake, anakunywa mbele yako, halafu anasubiri kidogo ametulia kabisa, kama mtu anayesikiliza tumbo lake mwenyewe. Ndipo anakupa. Vijana wa bodaboda wanamwita Mama Onja, na wageni hudhani ni uchoyo.

La pili ni benchi. Mwisho wa benchi lake, upande wa ukutani, hapakaliwi. Hata siku za mnada, watu wamejaa hadi nje na sahani mikononi, ukijaribu kujisogeza pale atakwambia taratibu, "Hapo pana mtu." Zamani niliwahi kumuuliza ni nani. Alikuwa anaosha vikombe, hakuinua kichwa. "Mteja," akasema. Mwili ulinisisimka, nikalipa chai yangu na kuondoka, na kwa wiki nzima nilikuwa nanunua chai kwingine. Baadaye nilijiona mjinga, nikarudi.

Kisa chenyewe nilikijua mwaka huu tu, mwezi wa pili. Edna alikuja kwangu asubuhi, simu ya Ritha mkononi, midomo imemkauka. Ritha alikuwa amepata mchumba, kijana fundi umeme anaitwa Nicolaus, mtulivu, ana adabu, tulishampenda sote. Sasa Ritha alikuwa amemwonyesha mama yake picha ya bibi wa kijana, yule aliyemlea huko Vugiri baada ya baba yake kufa. Edna aliiweka picha mbele yangu. Kikongwe amekaa kwenye kiti cha uvivu, rozari shingoni, anatazama kamera moja kwa moja.

"Huyu mama," akasema, "nilimdanganya."

Nitaeleza kama alivyonieleza. Miaka ishirini na miwili iliyopita Edna hakuwa mama lishe. Alikuwa anapika boha, pombe ya miwa, kwenye kambi ya mkonge upande wa Handeni, na boha yake ilisifika. Mpika pombe wa huko ana sheria moja: kata ya kwanza anakunywa mwenyewe, mbele ya mteja, kutoa sumu. Hata kama mteja ni kaka yako. Usipoonja hujauza, umemtupia mtu kitu tu. Na Edna hakuwahi kukosa kuonja, isipokuwa siku arobaini za Kwaresima, kwa sababu alikuwa amejiwekea nadhiri asiguse pombe mpaka Pasaka. Siku hizo alikuwa na mama mmoja jirani wa kumwonjea.

Ijumaa moja ya Kwaresima yule jirani hakuwepo. Saa nne hivi akaja Jacob, mkata mkonge, kijana wa watu, mcheshi. Alikuwa anajishika tumbo. Akasema nipe boha ya leo, itanituliza. Edna akamwambia asubiri mwonjaji. Jacob akacheka: "Edna, wewe nakuamini, lete bwana." Akampa. Chungu kilikuwa kipya, yeye ndiye wa kwanza kuchota. Alikunywa kata nzima amekaa mwisho wa benchi, akakohoa, akapangusa mdomo, akaenda zake. Saa nane mchana ikapigwa yowe kwenye laini za nyumba. Jacob alikuwa ameanguka mlangoni kwake, na hakuamka.

Edna aliposikia alikimbilia kwenye chungu, akakimwaga chote nyuma ya nyumba. Hakukionja, hakumpa kuku, hakufikiri. Alimwaga. Na kabla tope halijakauka, mama yake Jacob, aliyekaa naye kambini, yule wa kwenye picha, alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia, hakutukana. Aliuliza neno moja tu: "Ulionja?"

Na Edna, Ritha mgongoni, akajibu: "Nilionja, mama."

Yule mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akageuka, akaenda. Hakuna aliyemshitaki Edna. Hospitali walisema huenda ni moyo, huenda ni tumbo, akazikwa. Lakini tangu wiki ile hakuna aliyepokea kata mkononi mwake, na miaka mitatu baadaye alihamia Manundu. Jacob akaja naye. Hivyo ndivyo alivyoniambia, bila kupepesa: kila anapomimina kitu cha mgeni, anasikia kikohozi kile, na akigeuka anamwona mwisho wa benchi, amenyoosha kata, anangoja aongezewe.

"Unadhani uliiharibu ile pombe?" nilimuuliza.

"Sijui. Ndiyo maana haondoki. Ningejua ningeomba msamaha, au ningemfukuza."

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwelikweli, kwa sababu namjua kwa ukweli wake, mwanamke anayekurudishia chenji uliyoisahau mwezi jana. Nikamwambia kwa nini hukumwambia yule mama. Akasema alikuwa na mtoto mgongoni, na maneno yalitoka yenyewe. Na mimi nina watoto.

Siku chache baadaye Nicolaus alileta salamu za bibi yake. Barua ya posa itakuja, na bibi atakuja mwenyewe pamoja na mshenga, ingawa magoti yanamsumbua. Kisha kijana, kwa moyo mweupe, akaongeza: "Bibi amesema nimwambie mama kwamba yeye hatumii soda wala bia. Alizoea divai alipokuwa anapika kwa masista. Amesema atakunywa divai nyeupe, glasi moja, kabla ya chakula. Na amesema umimine wewe mwenyewe, mama."

Edna alisema, "Mwambie karibu sana," akaingia ndani, nikamsikia anakomea mlango.

Mgeni wa posa akikataa kinywaji cha nyumba amekataa nyumba. Hilo halihitaji mkutano, kila mtu anabeba barua yake na kurudi alikotoka. Ritha alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa anampenda yule kijana hadi anasahau chumvi kwenye mboga. Hakujua lolote. Ndoa yake yote ilikuwa imening'inia kwenye glasi moja, na mtu wa kuimimina alikuwa mama yake.

"Si uonje tu mbele yake?" nikamwambia. "Unaonja kila kitu kila siku."

"Siwezi kuonja mbele ya yule mama. Nikiinua glasi ataniuliza tena. Nataka chupa iliyofungwa, niifungue mbele ya macho yake, asiwe na la kuuliza."

Ndiyo tukajikuta kwa Eliasi, mwenye duka la vinywaji, mtu anayependa kueleza. Alipanga chupa zake za mvinyo mweupe kwenye kaunta, akaanza somo. Huu wa Dodoma, mkavu, unafaa na samaki. Huu wa Afrika Kusini, mtamu, akina mama wengi wanaupenda. Huu una harufu ya matunda. Kabla ya chakula, alisema, mpe mgeni mkavu, uliopoa vizuri, unafungua hamu ya kula, mtamu unashibisha.

Edna hakuuliza ladha hata mara moja. Alichukua chupa ya kijani, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Hii inaficha." Akachukua nyingine, akaigeuza chini juu, akaona vumbi jepesi linazama. "Hii ina mashapo." Eliasi akamwambia mama, hayo ni ya kawaida, hayana neno. Edna akamtazama mpaka akaiondoa kaunta mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya kizibo. Akaikataa, akasema kizibo mtu anaweza kukitoboa kwa sindano. Hapo Eliasi alinitazama mimi, nami nikatazama dari.

Ya mwisho ilikuwa chupa ya kioo cheupe kabisa, mvinyo wake mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele mara ya tatu, kifuniko cha bati cha kuzungusha. Edna akauliza kikifunguliwa kinasikika? Eliasi akasema kinakatika kwa mlio, hata aliye kitandani atasikia. Nikapewa niishike wakati Edna anafungua kibindo. Nikaitazama kwenye mwanga, nikaona upande wa pili barabara yote, pikipiki, muuza machungwa, hakuna kilichojificha. Edna alikuwa amegeukia kona ya duka, kwenye makreti matupu.

"Amekuja mpaka huku," akasema kwa sauti ya chini.

Sikuona mtu. Lakini sitasema uongo: nilisikia kama mtu anakohoa, kikohozi kikavu kimoja, na Eliasi alikuwa amefunga mdomo. Tuliondoka bila kusubiri mfuko.

Jumamosi ya posa tulipika tangu asubuhi. Kaka yake Edna, Kaleb, alikuja kusimama kama baba. Mimi nilishika pilau na kuku. Chupa ilikaa kwenye friji yangu, imefungwa. Benchi la kibandani, ambalo hurudi nyumbani kwake kila jioni, tulilitoa uani, tukapanga viti. Edna alivaa kitenge cha rangi ya maziwa, akasuka nywele, na kila dakika anakwenda kugusa meza ndogo iliyowekwa kitambaa, mahali ambapo chupa itasimama.

Kosa lilikuwa letu sisi wawili. Hatukumwambia Ritha. Tulimwambia bibi anapenda divai, na kwamba iko kwenye friji yangu, basi. Na Ritha anafanya kazi hotelini, amefundishwa chuoni Tanga jinsi ya kupokea wageni, na siku hiyo alitaka kumwonyesha bibi mkwe kwamba hakuokotwa.

Wageni walifika jua limeanza kulainika. Nicolaus alimshika bibi mkono. Bibi Filomena alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani, kitambaa cheupe kichwani, fimbo ya mti mwekundu. Edna alipiga goti. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, "Marahaba, Edna." Akalitaja jina, taratibu. Mshenga na Kaleb wakaanza maneno yao ya utani wa posa, ati wameona jiko limepotea, huenda limeingia hapa. Tulicheka inavyotakiwa. Bibi hakucheka. Alimtazama Edna.

Kisha Edna akasema, "Ngoja nilete kinywaji," akainuka. Hakufika mlangoni. Ritha alikuwa anatoka jikoni, amevaa vizuri, tabasamu hadi masikioni, na mkononi ana sinia. Juu ya sinia glasi nne ndefu, zimeshamiminwa, zimetoa jasho la baridi, na kila moja ameichomekea kipande cha limau pembeni.

"Karibuni," akasema Ritha. "Ni divai nyeupe, imepoa vizuri."

Kwetu hata soda ya watoto huletwa imefungwa, opena juu ya sinia, ikafunguliwa mbele ya mgeni. Ritha anajua hilo tangu utotoni. Hoteli imemsahaulisha.

"Chupa iko wapi?" Edna akauliza.

"Jikoni, mama. Nimemimina tayari. Vipi?"

Maneno ya posa yakakatika. Mshenga akarudisha mkono aliokuwa ameshanyoosha, akajifanya anakuna goti. Sinia likabaki hewani mbele ya Bibi Filomena, na yule mama akazitazama glasi moja moja, bila haraka, kisha akanyanyua macho.

"Mwonjaji ni nani hapa?" akasema.

"Mimi, mama," Edna akasema. Akachukua glasi. Mvinyo ukamwagikia kitengeni.

"Haya. Onja kama ulivyoonja siku ile ya Jacob."

Nicolaus akageuka aliposikia jina la baba yake. Ritha alikuwa bado ametabasamu, mdomo umesahau kufunga. Edna aliinua glasi hadi kwenye mdomo wa chini, ikagota kwenye meno, nikaisikia nilipokaa. Nilimwomba Mungu anywe. Funda moja tu, jambo limekwisha, watoto wanaoana. Kumbe na mimi nilikuwa nataka adanganye mara ya pili.

Akaiweka glasi mezani.

"Siku ile sikuonja, mama."

Kaleb akaanza kusema "Dada," Bibi akamnyamazisha kwa kidole.

"Rudia."

"Sikuonja. Ilikuwa Kwaresima. Mwonjaji wangu hakuwepo, Jacob akasema ananiamini, nikampa. Uliponiuliza nilikuwa nimeshaimwaga. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa."

"Uliimwaga yote?"

"Yote."

"Hakuna mwingine aliyekunywa?"

"Hakuna. Yeye peke yake. Sijui kama ilikuwa nzuri au mbaya, mama. Sijui mpaka leo. Nisamehe."

Nilitegemea fimbo. Nilitegemea laana, na nilikuwa nimeshaanza kusogea ili nisimame katikati yao. Bibi Filomena hakuinua kitu. Uso wake ulilegea, ukalegea zaidi, mpaka nikaogopa kwamba tutaingia msiba hapo hapo.

"Asubuhi ile alikuwa na tumbo," akasema. Alikuwa anaongea na glasi. "Nilimchemshia mizizi. Ile ya kwetu mlimani, ambayo mama yangu alinionya nisiizidishe. Alikuwa analia kwa maumivu, mtu mzima, nami nikaizidisha. Nikamnywesha kwa mkono wangu. Akaniambia mama imepungua, naenda kwa Edna mara moja."

Nicolaus alisema, "Bibi," akakwama.

"Nilipokuja mlangoni kwako sikuja kukushitaki. Nilikuja kuomba. Nilikuwa naomba useme hapana, sikuonja, ili niwe na kitu kingine cha kufikiri zaidi ya mkono wangu. Ukasema umeonja. Na ulikuwa umesimama, mzima, mtoto mgongoni. Basi pombe ilikuwa safi. Nikarudi nyumbani nimeshajua ni mimi." Akaanza kutikisa kichwa. "Miaka ishirini na miwili, Edna. Nimemlea huyu mtoto, kila akiniita bibi, najua ni mimi niliyemuua baba yake. Hata kwenye kitubio padre hakuweza kulitoa."

Edna alianguka magotini, si kwa heshima sasa. Nami nililia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimemhurumia jirani yangu kwa yule mtu wake wa kwenye benchi, na wakati wote huo kule juu Vugiri mwenzake alikuwa anateswa na mtu huyo huyo, kwa neno moja alilolitupa yeye mlangoni.

Bibi Filomena akanyoosha mkono, akaichukua glasi ile ile.

"Mama, sijaionja," Edna akasema, akamshika kiganja. "Ngoja kwanza."

"Niache."

Aliinywa yote, bila kupumzika, limau likamgusa pua. Alipomaliza aliiweka mezani kwa uangalifu wa mtu aliyeosha glasi za wengine maisha yake yote. Akamwambia mshenga atoe barua, na mshenga akaitoa, Kaleb akaipokea. Ritha bado alikuwa ameshika sinia. Nicolaus alimpokea, akaliweka chini, akabaki amemshika mkono, macho yake kwa bibi yake.

Bibi akamwinamia Edna pale sakafuni.

"Ungeniambia," akasema. "Tungembeba wawili."

Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake, kwa hiyo nikainuka mimi, nikaenda jikoni kupakua chakula.